Kabla Hujanunua Raketi ya Kaboni, Jua Ilitoka Wapi

Watu wangu wa Ramisi, wiki iliyopita binamu yangu alinijia na simu mkononi. Amefanya vibarua vya kukata miwa, kajibana, kaweka shilingi 6,000. Sasa anataka ubao wa raketi wa kaboni. "Kaka, bila kaboni siendi popote kwa hii tenisi ya meza," akaniambia. Sikumkatalia. Nilimwambia akae kwanza nimpe historia ya hiyo kaboni, halafu aamue mwenyewe. Elfu sita za panga si pesa za kuchezea.

Tuanzie mbali kidogo. Zamani raketi ilikuwa mbao na raba nyembamba yenye vinundu, basi. Mwaka 1952, kwenye mashindano ya dunia kule Bombay, Mjapani Hiroji Satoh akaja na raketi iliyobandikwa sponji nene. Mpira ukawa hausikiki ukigongwa, na unarudi kwa namna ambayo wenzake hawajawahi kuiona. Akaondoka na ubingwa wa dunia. Zogo likaendelea mpaka 1959, shirikisho la dunia, ITTF, lilipoweka mpaka: raba na sponji yake, pamoja na gundi, visizidi milimita 4.

Hapo ndipo kukimbizana kulipoanza. Kasi ukiiziba huku, inatokea kule.

Miaka ya 1970 mwanzoni, viwanda vya Japani vilianza kutoa nyuzi za kaboni kwa wingi. Ni nyepesi, ngumu, zikaingia kwenye ndege, fimbo za kuvulia samaki, vijiti vya gofu. Watengenezaji wa raketi nao wakazipachika katikati ya tabaka za mbao. ITTF ikaweka sheria hapo pia: angalau asilimia 85 ya unene wa ubao lazima iwe mbao asilia, na tabaka moja la nyuzi lisizidi milimita 0.35. Kwa hiyo hiyo unayoiita raketi ya kaboni, kisheria ni mbao. Kaboni ni kama chumvi kwenye mchuzi.

Sasa mbona kila kijana anaililia? Angalia miaka. Mwaka 2000 mpira ulikuzwa kutoka milimita 38 hadi 40 ili mchezo upungue kasi. Mwaka 2008 zikapigwa marufuku zile gundi kali za kuumua sponji, zilizokuwa zikiongeza kasi. Mwaka 2014 mpira wa seluloidi ukaanza kuondoka, ukaja wa plastiki, mzunguko ukapungua. Kila mara mabingwa walipoporwa nguvu upande mmoja, waliitafuta upande mwingine, na ubao ulikuwa mmojawapo. Zhang Jike wa China aliposhinda dhahabu ya Olimpiki London 2012 na ubao wa Butterfly uitwao Viscaria, jina hilo likaingia vichwani mwa vijana dunia nzima. Leo ubao huo mtupu, bila raba, unaweza kupita shilingi 20,000.

Lakini miaka minne kabla yake, Beijing 2008, dhahabu ileile ilichukuliwa na Ma Lin, mtu anayejulikana kwa ubao wa mbao tupu. Hilo halipostiwi sana.

Maoni yangu ni haya. Kaboni ilikuwa jibu la swali waliloulizwa watu wanaofanya mazoezi kutwa nzima na makocha. Sisi hatujaulizwa swali hilo. Meza yetu ni plaiwudi juu ya viguzo, upepo wa bahari unapiga, na raba zetu zimelainika kama soli ya ndala. Tatizo la binamu yangu si kwamba mpira hauendi. Unakwenda, tena unapita meza unaangukia kwa kuku! Kaboni itaufikisha kwa jirani.

Kwa hiyo mwenye elfu sita aanze na raba mbili nzuri zenye alama ya ITTF, juu ya ubao wa mbao tupu wa tabaka tano. Raba ndiyo inayoshika mpira.

Na kama kiwango chako kimefika kweli, kaboni ya bei nafuu ipo. Kampuni za China kama Yinhe, Sanwei na Loki zinatoa mbao za kaboni kwa sehemu ndogo ya bei ya Viscaria. Tafuta ile ambayo kaboni imewekwa ndani, karibu na kiini, kwa sababu mkono bado unausikia mpira. Ikiwa nje, karibu na raba, ubao unakuwa mkali zaidi. Uzito wa gramu 85 hadi 90 unatosha. Hesabu raba na usafiri kabla hujalipa. Na ukiona "Viscaria" ya elfu mbili, kaka, hiyo umeuziwa jina.

Binamu kanisikiza, kanuna, kisha kacheka. Kachagua mbao tupu na raba mpya, chenji akanunua mipira. Tumekubaliana: siku mipira yake itakapoanza kufa wavuni kwa kukosa nguvu, badala ya kuruka nje, tutarudi kwenye kaboni.

Unayebisha, karibu Jumapili baada ya alasiri. Njoo na kaboni yako, meza ipo.