Watoto wa paka wa nje katika baridi ya Kisii na Nyamira: tuwatunze vipi?

Sisi watu wa Pwani tumekua na paka. Lamu na Mombasa, paka yuko barazani, yuko bandarini akingoja vichwa vya samaki, na hakuna anayeuliza ni wa nani. Akizaa uani, mambo huenda yenyewe: joto lipo na samaki wapo. Nilipoletwa bara na kazi nikapanga nyumba Nyamira, kando ya shamba la chai, nilidhani ujuzi huo wa nyumbani utanitosha. Haukunitosha.

Mwezi wa Aprili, paka asiye na mwenyewe alizaa watoto wanne chini ya ghala la kuni. Asubuhi nikawakuta peke yao, nikadhani mama yao kawatupa. Nikawaingiza ndani na kuwanywesha maziwa ya ng'ombe, maana huku maziwa hayana shida. Siku ya pili wakaanza kuhara. Siku ya nne walibaki wawili. Mama yao usiku kucha alikuwa akizunguka nyumba akilia, nami sikutambua kuwa anawatafuta wanawe. Nayaandika haya kwa ndugu zangu wa Pwani mlio huku, walimu, wafanyabiashara na wanafunzi, msije mkarudia kosa langu.

Ngoja kwanza

Paka anayenyonyesha huondoka saa kadhaa kutafuta chakula. Watoto wakiwa safi, matumbo yamejaa na wamelala kimya, mama yupo. Wakilia bila kukoma, wachafu na wa baridi, hapo kuna jambo. Kama hujui, nyunyiza unga kidogo mahali pakavu kuzunguka kiota, kisha urudi baada ya saa chache utazame nyayo. Angalia ukiwa mbali, kwani mama hatakaribia ukiwa umesimama pale. Hakuna maziwa ya dukani yanayoshinda ya kwake.

Baridi huua kabla ya njaa

Mji wa Kisii uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya Nyamira imeinuka zaidi. Mvua ni zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na ile ya Machi hadi Mei ndiyo nzito. Mtoto wa paka katika wiki za kwanza hawezi kujitunzia joto. Akilowa usiku mmoja, huenda asiamke.

Weka sanduku la mbao, au katoni uliyoifunika kwa nailoni, chini ya upenu au ghala, karibu na pale mama alipochagua mwenyewe. Liinue juu ya matofali ili maji yapite chini, na mlango uwe mdogo, wa kumtosha paka tu. Ndani tandika nyasi kavu au majani makavu ya mgomba, ambayo hapa hayakosekani. Usiweke blanketi: nguo hunyonya unyevu na kukaa na baridi. Kagua siafu kila siku, kwani wakivamia kiota, watoto wasioweza kutembea hawana pa kukimbilia.

Mlishe mama

Ukimlisha mama, umewalisha wote. Dagaa wa Ziwa Victoria, wanaoitwa omena, wanauzwa kila soko. Waloweke mchanga utoke, uwachemshe bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa paka. Mpe chakula saa ile ile kila siku, hatua kadhaa mbali na kiota ili mbwa wasivutwe pale, na maji safi yasikosekane.

Ikiwa mama kweli amekufa

Mpashe mtoto joto kabla ya kumlisha. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa yatosha. Mtoto aliyepoa hawezi kumeng'enya chakula. Maziwa ya ng'ombe humharisha, na kuhara humkausha maji mpaka afe. Kuna maziwa ya unga ya watoto wa paka. Uliza kwa daktari wa mifugo au duka la dawa za mifugo. Mchanga hulishwa kila saa mbili au tatu, usiku na mchana, akiwa amelala kifudifudi. Ukimlaza chali, maziwa yataingia mapafuni. Baada ya kula, mpanguse nyuma kwa kitambaa chenye maji vuguvugu ili ajisaidie, kama mamake anavyomlamba.

Usimpe dawa za binadamu. Panadoli moja inaweza kumuua paka mkubwa. Dawa za viroboto vya mbwa nazo nyingine ni sumu kwake.

Wiki kwa wiki

Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Wiki ya nne huanza kuonja chakula laini, na ya nane wanaweza kuachana na mama. Ukitaka wamzoee mtu, wazoeze kati ya wiki ya pili na ya saba. Wakipita hapo hubaki na woga.

Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo. Paka naye huambukiza kichaa cha mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Kwa hiyo wachanjwe wakifika miezi mitatu.

Mzizi wa jambo

Mimba ya paka ni kama miezi miwili, na jike aweza kuishika akiwa na miezi minne tu, au akiwa bado ananyonyesha. Bila kumfunga kizazi, kila masika utachimba vikaburi nyuma ya ghala.

Wale wawili niliwarudisha chini ya kuni. Jioni ile ile mama yao akawabeba mmoja mmoja mpaka pembe kavu zaidi. Walipoachishwa kunyonya, mmoja alichukuliwa na jirani anayesumbuliwa na panya kwenye mahindi, wa pili niko naye. Mama yao alifungwa kizazi na daktari wa mifugo kwa gharama yangu. Bado hakubali kuguswa, lakini saa kumi na mbili jioni huwa yupo kwenye kuni, akingoja omena zake.