Mpenyano wa Elementi katika Chuma Kilichovikwa

Mutshatsha, mkoani Lualaba, ndiko uliko mgodi wa Kamoa-Kakula, ulioanza kutoa makinikia ya shaba Mei 2021. Upande wa Kolwezi kuna viwanda vinavyoyeyusha mawe ya mukuba, yaani shaba, kwa asidi ya salfa. Palipo na asidi hiyo, chuma cha kawaida huliwa upesi. Chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi wengi hukiita inoksi, hustahimili zaidi, lakini ni ghali. Njia ya kati ni kulivika bamba nene la chuma cha kawaida tabaka jembamba la inoksi. Bamba hubeba uzito. Tabaka hukabili asidi. Hicho ndicho chuma kilichovikwa.

Vyuma hivyo viwili huunganishwa kwa kuviringishwa pamoja katika joto la karibu nyuzi 1,200 za Selsiasi, kwa nguvu ya mlipuko, au kwa kuchomelea. Joto likizidi, atomu huvuka mpaka. Kaboni hutoka kwenye chuma cha kawaida, chenye kama asilimia 0.2, na kuingia kwenye inoksi ya aina ya 316L, ambayo haizidishi asilimia 0.03. Kromiamu ya inoksi nayo huivuta kaboni hiyo kwa nguvu. Nikeli na kromiamu huelekea upande wa pili, ila polepole: kaboni ni ndogo, hupita katikati ya atomu za chuma kama mtoto apenyavyo kati ya watu wazima sokoni, ilhali kromiamu hungoja nafasi iachwe wazi ndipo isogee.

Kwamba pande mbili hazipeani kwa kasi moja kulithibitishwa na Ernest Kirkendall mwaka 1947, kwa metali ambazo eneo hili la Katanga linazijua vizuri: shaba na zinki. Zinki ilitoka upesi kuliko shaba ilivyoingia.

Kwa hiyo neno "usambaaji" linafaa kwa kitu kinachoenea ndani ya kingine, lakini hapa halitoshi. Napendekeza "mpenyano": kupenya ni kuvuka kilicho kigumu, na "-ana" inatuambia kwamba kila upande unatoa na kupokea. Mpaka wenyewe tuuite "mpaka wa mavazi".

Mpenyano kidogo ni wa manufaa, kwani hushikanisha matabaka. Ukizidi, chuma cha kawaida kilichopoteza kaboni hulainika karibu na mpaka. Upande wa inoksi, hasa kati ya nyuzi 450 na 850, kaboni hufungamana na kromiamu na kuunda kabidi ngumu zinazovunjika upesi. Kromiamu ya jirani hupungua, na ikishuka chini ya takriban asilimia 10.5, kinga dhidi ya kutu hutoweka. Asidi ikifika hapo, hupata njia. Ndiyo maana baadhi ya viwanda huweka karatasi ya nikeli katikati ili kuizuia kaboni.

Kutokana na kanuni za Adolf Fick za mwaka 1855, muda ukiongezeka mara 4, kina cha mpenyano huongezeka mara 2. Joto lina nguvu zaidi: likipanda, kasi huongezeka upesi sana.

Walimu wa Chuo Kikuu cha Kolwezi na wasimamizi wa karakana, wafundisheni vijana jambo hili kwa Kiswahili wanachokizungumza kazini. Anayechomelea bamba lililovikwa apime joto, afupishe muda, na asirudie kulichoma pasipo sababu.