Nyumba ya Vyumba Sita na Mgao wa Umeme

Umeme wa gridi haufanani na mahindi, maana hauwekwi ghalani. Ufuliwao saa hii hauna budi kutumiwa saa hii. Matumizi yakizidi uwezo wa mitambo, mitambo hulemewa, na ile mizunguko 50 kwa sekunde iliyo kipimo cha gridi ya Tanzania huanza kushuka. Hapo yapaswa ama umeme uongezwe, ama matumizi yapunguzwe. Habari za Tandale, kata ya Kinondoni mjini Dar es Salaam, zaonyesha jinsi upunguzaji huo ulivyofanywa, na mzigo wake ulivyomwangukia nani.

Umeme uliingia Dar es Salaam mwaka 1908, zama za utawala wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ndogo ya mji. Baada ya uhuru mji ukazidi kutegemea nguvu ya maji ya mbali: mitambo ya Kidatu ilianza kazi mwaka 1975, na ya Mtera mwaka 1988. Basi mvua zilipokosekana bara, taa zilizimika pwani. Katika mgao wa 2006 na wa 2011 umeme ulikatwa kwa njia nzima kwa saa nyingi. Mkono uliozima swichi haukuweza kubagua baina ya pasi ya mtu mmoja na jokofu la muuza samaki, wala baina ya redio na mashine ya fundi wa kuchomelea.

Walakini ndani ya nyumba kulikuwa na busara iliyoweza kubagua. Nyumba ya Kiswahili ina ujia katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma. Mara nyingi kila chumba hukaliwa na mpangaji wake, na wote hutumia mita moja. Tangu LUKU ilipoanza kuenea katika miaka ya 1990, uniti zilihesabika machoni pa wote. Wapangaji wakawekeana masharti: mwenye jokofu achange zaidi ya mwenye taa moja, jiko la umeme lisiwashwe, pasi iwe kwa zamu. Katika nchi nyingine kazi ya namna hiyo hufanywa na vyombo vipokeavyo habari za gridi, vikachelewesha kupoza vyumba au kuchemsha maji mpaka saa za msongamano zipite.

Tofauti ni kwamba LUKU ya nyumbani huhesabu kiasi, haihesabu saa. Uniti ya saa 8 usiku na ile ya saa 2 usiku, wakati mji mzima umewasha taa, zina bei moja. Hivyo aahirishaye kupiga pasi hapati malipo yoyote. Tena unafuu wa bei hupewa mita isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Haba na haba za vyumba sita hujaza kibaba hicho upesi, na maskini sita waliojibana hutozwa kama tajiri mmoja.

Mwaka 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilianza kufua umeme, na upungufu ukapata nafuu kubwa. Hata hivyo, wingi wa maji haufuti funzo la miaka ya ukame. Wakaao Tandale walijua kupunguza matumizi kwa mapatano na kwa haki. Gridi iliwazimia taa bila ya kuwauliza.