Mfupa wa Ishango na Historia ya Namba Tasa

Kitu cha kale kuliko vyote kinachotajwa katika historia ya namba tasa ni mfupa wenye urefu wa sentimita 10 hivi, uliofukuliwa Ishango, mashariki mwa Kongo, pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Aliyeufukua, mwaka 1950, ni mwanajiolojia wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin. Ncha yake moja imepachikwa kipande cha kwatzi, na ubavuni kuna mikato iliyochanjwa kwa mafungu katika safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Siku hizi umehifadhiwa Brussels.

Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, yaani namba zisizogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe. Safu nyingine ina 11, 21, 19 na 9: ni 10 na 20, kila moja ikiongezwa 1 na kupunguzwa 1. Ya tatu inaanza na 3 na 6, kisha 4 na 8, kana kwamba mchongaji alikuwa akizidisha kwa mbili. Mwaka 1962 de Heinzelin aliandika kwamba huenda watu wa Ishango walizijua namba tasa. Mtafiti mwingine, Alexander Marshack, aliona vingine: kwake mikato ile ilikuwa hesabu ya mwezi mwandamo, kwani safu mbili za kwanza zina jumla ya 60 kila moja, karibu sawa na siku za miezi miwili. Wapo pia wanaosema ilikuwa ya kuzuia mfupa usiteleze mkononi, dai ambalo mpangilio wa mafungu unalidhoofisha.

Uwanda wa kati wa Tanzania uliacha kumbukumbu za namna nyingine. Huko Kolo, wilayani Kondoa, mkoani Dodoma, wanyama na watu walichorwa miambani kwa rangi nyekundu. Mwanaakiolojia Mary Leakey alizinakili picha hizo mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia. Twiga wa Kolo hutambulika kwa jicho. Mkato hauna sura, na hapo ndipo ubishi wa Ishango unapoanzia.

Utasa wa namba hujulikana kwa kujaribu kuigawanya. Kwa 19 inatosha kujaribu 2 na 3, maana 5 mara 5 imekwishaipita. Kwa namba kubwa njia hiyo haifai kitu. Oktoba 2024 mtafiti wa Marekani, Luke Durant, aligundua namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi hapo: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Kipeo cha namba ya aina hiyo sharti nacho kiwe tasa, na hata hivyo haitoshi: 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Namba ya Durant ilithibitishwa kwa kompyuta, kwa kanuni ya Lucas na Lehmer, isiyohitaji kutafuta kigawo hata kimoja.

Kwenye mfupa wa Ishango hakuna alama yoyote ya kugawanya. Kuhesabu kunaonekana wazi. Ujuzi wa namba tasa bado ni dhana.