Konzo na siku tatu za maji: historia ya ugonjwa wenye jina ya kwetu



Magonjwa mingi mu vitabu vya uganga iko na majina ya Kilatini, ama jina ya muganga wa Ulaya aliyeiandika wa kwanza. Konzo iko na jina ya Kiyaka. Wayaka wa Kwango njo waliipa jina hiyo, na maana yake ni miguu yenye kufungwa. Jina ilipita mu ripoti ya mwaka 1938, ikaingia mu maandishi ya OMS, na leo muganga wa mishipa ya fahamu, akuwe Kinshasa ama Uppsala, anasema konzo paka vile mama wa Kahemba anasema.

Mimi ni agronome, hapana muganga. Lakini historia hii inatuhusu sisi wa agronomia mbele ya wengine, juu inaanzia mu shamba na inaishia mu sahani. Mu auditoire tulisoma mihogo kwa masaa mingi: mozaïque, kuchagua vijiti vya kupanda, tani ngapi kwa hektare. Konzo ilipita mu mstari mmoja, na professeur akageuza ukurasa. Njo maana ninaandika.

Ugonjwa wenyewe

Konzo haiji polepole. Mtu alikuwa mzima, na mara nyingi ni mtoto wa zaidi ya miaka mitatu ama mama wa umri wa kuzaa. Siku moja, baada ya safari ndefu ya miguu ama kazi nzito ya shamba, ama akiamka tu asubuhi, anasikia miguu inatetemeka, inakuwa nzito, alafu inakazana kama mti. Mu siku chache ugonjwa unafika mwisho wake na kusimama fasi ile. Hauzidi tena, na hauponi. Wengine wanatembea kwa vidole bila fimbo, wengine kwa fimbo moja ama mbili, wengine hawasimami tena maisha yote. Kwa wale walioguswa sana, ata macho na kusema vinaharibika. Dawa ya kurudisha miguu nyuma haiko.

Mu 1996 OMS iliweka alama tatu za kuitambua. Ya kwanza: mtu anatembea ama anakimbia na miguu yote mbili imekazana kwa namna moja. Ya pili: ilimuanza kwa ghafla, mu muda usiozidi wiki moja, yeye alikuwa mzima, na toka pale haijaongezeka. Ya tatu: ukigonga magoti ama vifundo vya miguu, miguu inaruka sana pande zote mbili, na uti wa mgongo hauna alama ya ugonjwa. Angalia vizuri: kwa alama hizi hauhitaji scanner. Infirmier wa centre de santé mwenye nyundo ndogo anaweza kuitambua. Lakini kufika pale kulichukua karibu miaka 60.

Kutoka Kwango mpaka Nampula

Giovanni Trolli, muganga Mwitaliano aliyefanya kazi mu Kongo ya Wabelgiji, njo alitoa ripoti ya 1938 juu ya watu wa Kwango. Alieleza ugonjwa vizuri, lakini chanzo kilibaki giza. Ni mdudu? Ni sumu? Ni chakula? Swali ilikaa fasi ile miaka mingi, juu Kwango ni mbali, na wagonjwa ni maskini wa vijiji.

Alafu mu 1981, mbali kabisa na kwetu, mu jimbo la Nampula, kaskazini ya Msumbiji, watu zaidi ya 1,100 walipatwa na ugonjwa ule ule. Kule waliuita mantakassa. Ukame ulikuwa umeua mimea mingine yote, na kitu chenye kilibaki mu shamba ni mihogo mikali. Mu nyakati za kawaida wamama wa kule walikuwa wanamenya mihogo na kuianika juani muda mrefu. Lakini njaa haingojee. Walikula mbele ya wakati.

Muganga Hans Rosling, kutoka Sweden, alikuwa anafanya kazi mu jimbo ile. Yeye na wenzake, pamoja na Julie Cliff, walienda kijiji kwa kijiji wakihesabu wagonjwa, wakipima mkojo na damu, wakiuliza watu walikula nini. Njo pale wazo ilipata nguvu: sumu ya sianidi, ile tunaita cyanure mu Kifaransa, inayotoka mu mihogo isiyotengenezwa ya kutosha, mu mwili wa mtu asiyekula protini. Kuna waliofikiri pia virusi. Miaka ile virusi moja, HTLV-I, ilikuwa imekutwa kwa watu wenye kupooza miguu mu visiwa vya Karibe, na wachunguzi wakauliza kama konzo si mtoto wa mama mmoja. Walipima damu ya wagonjwa wa konzo. Virusi ile haikuwa sababu.

Barabara ya lami

Sehemu ya hadithi inayoniuma zaidi iko kwetu, mu Bandundu ya zamani. Mwisho wa miaka ya 1980, wachunguzi wa CEPLANUT, kituo cha taifa cha mambo ya lishe, pamoja na Banea Mayambu, walifanya kazi na Rosling na Thorkild Tylleskär. Walilinganisha vijiji vyenye konzo na vijiji visivyo nayo. Watu ni wale wale, udongo ni ule ule, mihogo ni ile ile mikali. Tofauti ilikuwa ndani ya maji.

Desturi ya kule ni kuloweka mihogo siku tatu, mpaka inalainika kabisa, alafu kuianika na kuisaga. Mu vijiji vya konzo, siku zile zilikuwa zimekatwa: mbili, ata moja. Juu ya nini? Barabara mpya ya lami ilikuwa imefungua njia ya Kinshasa. Camion zilikuja kununua mihogo, mji ulikuwa na njaa, na kila siku mihogo inakaa mu maji ni pesa inachelewa. Matokeo yalichapishwa mu 1991 na 1992, na moja yake ilitokea mu gazeti kubwa la uganga la Uingereza, The Lancet.

Fikirieni kidogo. Barabara, kitu chenye sisi wote tunaomba mu kila hotuba, ilileta soko. Soko ilileta haraka. Haraka ilileta konzo. Sisemi barabara ni mbaya. Ninasema hakuna mtu aliyehesabu siku za maji wakati wa kuhesabu faida za barabara.

Siku tatu zinafanya nini

Hapa niruhusuni niwe agronome. Mihogo inabeba kitu kinachoitwa linamarini. Ikikaa peke yake ndani ya mzizi, haileti shida. Pembeni yake kuna enzimu, linamaraze, lakini ukuta wa seli unawatenganisha. Mzizi ukitafunwa na panya ama kukatwa, ukuta unavunjika, vitu hivi viwili vinakutana, na sianidi inatoka. Ni ulinzi wa mmea. Njo maana mkulima anapenda mihogo mikali: nguruwe wa pori anaiacha, mwizi anaiogopa, na inavumilia udongo mubaya.

Kuloweka ni kuvunja ukuta ule kwa makusudi, kwa kutumia bakteria ya mu maji. Mzizi unalainika, linamarini inavunjwa, sianidi inaondoka na maji na hewa. Siku moja inaanza kazi, siku tatu inaimaliza. Kupika peke yake hakutoshi, juu moto unaua enzimu mbele linamarini haijaisha.

Na mwili? Mwili wa mtu unajua kugeuza sianidi kidogo ikuwe tiosianati na kuitoa mu mkojo. Lakini kwa kazi hiyo unahitaji sulfuri kutoka protini: maharagi, samaki, nyama, mayai. Mtu anayekula fufu na sombe tu, asubuhi na mangaribi, hana silaha ile. Sasa unaweza kuona mambo ya hatari yakisimama mu mstari mmoja: mihogo mikali, maji machache ya kuloweka, ukosefu wa protini, kiangazi ama ukame ama vita. Moja peke yake haitoshi mara nyingi. Zikikutana, miguu inafungwa.

Mpaka huku kwetu

Kama uko Kivu na unasema konzo ni ya watu wa Bandundu, ngoja. Mu 2011 waganga, pamoja na Chabwine, waliandika juu ya konzo kutokea Burhinyi, mu Kivu ya Kusini, na walisema wazi kwamba ni eneo iliyoharibiwa na vita. Haishangazi. Mtu anayekimbia anang'oa mihogo usiku na kuila kesho. Hana bidoni ya kuloweka, hana siku tatu, hana maharagi. Vita inafanya kazi ile ile barabara ilifanya: inakata muda.

Kinachonitia woga zaidi ni utafiti wa 2013 uliofanyika Kahemba. Profesa Tshala-Katumbay, mtoto wa inchi hii, na Boivin wa Marekani na wenzao, walipima akili na mikono ya watoto 123 wenye konzo. Walipima pia watoto wa vijiji vile vile wasio na konzo, na watoto wa fasi ambako konzo haiko. Watoto wenye konzo walikuwa nyuma, tulitegemea. Lakini ata wale wenye miguu mizima, wanaokula mu nyungu moja na wagonjwa, walifanya vibaya kuliko watoto wa mbali: mu kujifunza, mu kukumbuka. Maana yake, mlemavu tunayemuona ni ncha ya jembe tu. Jembe lenyewe limeingia mu udongo. Mu darasa la kijiji kile kuna mtoto anayeitwa mjinga na mwalimu wake, kumbe ni unga.

Na utafiti unaendelea. Mu 2021 kundi ile ya wachunguzi ilichapisha kazi juu ya bakteria za tumbo, wakilinganisha watu wa Kinshasa, Masi-Manimba na Kahemba, juu bakteria fulani za tumbo pia zinaweza kuvunja linamarini na kutoa sianidi ndani ya mtu.

Masaa mawili juani

Habari nzuri iko. Howard Bradbury, mwanakemia wa Australia, alionyesha njia rahisi. Unachukua unga wa mihogo, unauchanganya na maji, unautandaza mwembamba juu ya mkeka ama sahani pana, unauacha masaa mawili juani ama masaa matano kivulini. Enzimu iliyobaki mu unga inavunja linamarini iliyobaki, na sianidi inaenda na hewa. Alafu mama anapika fufu yake kama siku zote. Hakuna mashini, hakuna dawa ya kununua.

Banea na wenzake waliipeleka Kay Kalenge, kijiji cha Popokabaka, mu Kwango. Waliwafundisha wamama, na wamama wakafundishana. Mu muda wa kazi ile hakuna mgonjwa mpya wa konzo aliyetokea. Jina ilitoka Kwango, na dawa ya kuizuia ilijaribiwa Kwango pia.

Kwa sisi wenye diploma

Ninaandika haya juu tunazoea kusema wamama wa kijiji hawajui. Historia ya konzo inasema kinyume. Mmea ulikuja kutoka Amerika ya Kusini na Wareno, na wamama wetu wakaujengea kemia nzima ya siku tatu, mbele ya mtu yeyote kujua neno enzimu. Walipougua, si juu walisahau. Ni juu muda wao ulinunuliwa, ama uliibiwa.

Kwa hiyo, wewe unayepeleka mbegu mpya mu kijiji, usiulize tu tani kwa hektare. Uliza mto uko mbali gani, nani ataloweka, siku ngapi, na maharagi yatatoka shamba gani. Wewe uliyesoma uganga, mtoto akianguka ghafla miguu imekazana, uliza nyumbani walikula nini wiki zilizopita. Wewe mwalimu, kumbuka mtoto wa unga.

Na swali kwa wote, muandike hapa chini: kwenu mihogo inalowekwa siku ngapi? Nyakati za bibi yako ilikuwa siku ngapi? Na kama zimepungua, ni nani alizikata?