Jinsi kimelea cha malale kinavyobadili vazi

KUTOKA Isebania, mpakani mwa Kenya na Tanzania, barabara kuu hupitia Migori hadi Rongo, ambako msafiri wa Homa Bay huiacha. Kusini magharibi mwa Homa Bay kuna bonde la Lambwe, lililoogopwa miaka mingi kwa mbung'o na ugonjwa wa malale.

Kimelea kiletacho maradhi hayo, tripanosoma, huishi ndani ya damu huku kikiandamwa na kinga ya mwili. Kimevaa gamba la protini zipatazo milioni 10 za aina moja. Kinga ikishalitambua gamba hilo, vimelea karibu vyote huangamizwa. Lakini vichache huwa tayari vimevaa jipya, na homa hurudi. Ndiyo maana chanjo haijapatikana, kwa binadamu wala kwa ng'ombe wanaougua nagana.

Kimelea kina jeni zaidi ya 2,000 za magamba, ila hutumia moja tu kwa wakati mmoja. Kinapobadili vazi, mara nyingi hunakili jeni iliyolala na kuiweka mahali pa ile inayotumika. Iliyonakiliwa hubaki ilipokuwa. Iliyokuwa ikitumika hufutika. Huo ndio ugeuzaji jeni. Hata jeni mbovu, nazo ni nyingi, hazitupwi: vipande vyake huungwa kuwa vazi ambalo mwili haujapata kuliona.

Ujanja huo si wa tripanosoma pekee. Mwaka 1987 vikosi vya Oliver Smithies na Mario Capecchi vilionyesha kuwa jeni iliyochaguliwa yaweza kubadilishwa katika seli shina za viinitete vya panya, ambazo Martin Evans na Matthew Kaufman walikuwa wamezitenga mwaka 1981. Smithies, Capecchi na Evans walitunukiwa Nobel mwaka 2007. Mtafiti huingiza kipande cha DNA kinachofanana na jeni lengwa, kikiwa na badiliko alitakalo, na seli hukilinganisha na chake. Lakini seli haitii daima. Pengine hunakili kutoka jeni yake ya asili na kulifuta badiliko lililokusudiwa, hivyo kila seli sharti ikaguliwe. Kinachomwokoa kimelea damuni humsumbua mtaalamu maabarani.

Kwa kukosa chanjo, Kenya ilitegemea mitego ya mbung'o, upimaji na matibabu. Maambukizi ya mwisho ya malale kwa wenyeji yaliripotiwa mwaka 2009, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa ugonjwa huo si tatizo tena la afya ya umma Kenya. Nagana ingalipo, na mfugaji hana budi kuendelea kununua dawa.