Mkanda Usio na Matundu (Vitu vya Kabatini, Sehemu ya 6)

Leo kwenye mfululizo wetu tunafungua bati la picha. Kaeni mkao wa kula, ni ndefu kidogo.

Mwaka 1998, hapa hapa Sikonge, mdogo wangu alibatizwa. Mjomba alikuwa ameuza tumbaku vizuri msimu ule, akaja na kamera ya otomatiki. Zile unabonyeza tu: yenyewe inalenga, yenyewe inawasha flashi, yenyewe inavuta mkanda. Bibi akambeba mtoto, tukapangwa mstari, flashi ikawaka mpaka kuku wakakimbia.

Mkanda ukapelekwa Tabora mjini kusafishwa. Ukarudi mtupu. Hakuna hata picha moja!

Mwaka uliofuata bibi akafariki. Basi maneno yakaanza: mjomba kala hela ya mkanda, kaweka takataka makusudi. Yeye aliapa mpaka akachoka. Hakuna aliyemwamini, na kwenye shughuli za familia akawa anakaa pembeni. Hiyo ilikwenda miaka na miaka.

Tulieni hapo kwanza, turudi nyuma.

Picha hazijawahi kuwa rahisi kwenye njia hii yetu ya misafara. Mwaka 1860 Waingereza wawili, Speke na Grant, walipita Zanzibar wakielekea bara. Kazi ya kupiga picha ilikuwa ya Grant. Wakati ule hakuna mkanda. Unapaka dawa kwenye kioo, unapiga kikiwa bado kibichi, na unakisafisha hapo hapo ndani ya kihema cha giza. Mtu anachemka humo kama ugali! Speke akaona joto lile litammaliza mwenzake, akairudisha kamera pwani. Walipofika Kazeh, yaani Tabora yetu, mwanzoni mwa 1861, Grant alikuwa anachora kwa mkono.

Mkanda laini ulikuja baadaye, kwa kazi ya Mmarekani George Eastman, mwenye Kodak. Miaka ya 1890, kwenye karakana ya Thomas Edison, fundi wake William Dickson alikuwa anatengeneza picha za sinema. Alitumia mkanda wa upana wa milimita 35 na kutoboa matundu pande zote mbili, ili gurudumu lenye meno liushike na kuuvuta bila kuteleza. Ni kama mnyororo wa baiskeli: jino linaingia kwenye tundu, linavuta.

Mjerumani Oskar Barnack akachukua mkanda huo huo wa sinema akautia kwenye kamera ndogo ya mkononi. Kamera hiyo, Leica, ilianza kuuzwa mwaka 1925. Mwaka 1934 Kodak wakautoa mkanda huo ukiwa tayari ndani ya kikopo chake, na hicho ndicho kikopo mnachokikumbuka. Kila picha moja inachukua urefu wa matundu 8.

Sasa sikilizeni vizuri. Kamera za zamani za mkono, unazungusha mwenyewe, kidole kinahisi. Lakini mwaka 1977 ikatoka Konica C35 AF, kamera ya kwanza ya kulenga yenyewe kuuzwa kwa wingi. Miaka ya 1980 zikaja nyingi zenye mota ndani. Mota haina kidole. Itajuaje kwamba picha moja imeshapita na sasa isimame? Inahesabu matundu. Nyingine zina gurudumu dogo la meno linalozunguka mkanda unapopita. Nyingine zina taa isiyoonekana kwa macho inayomulika matundu na kuyahesabu moja moja.

Ukiipa mkanda usio na matundu, umeipofusha. Gurudumu halizunguki, taa haioni kitu. Kuna kamera itavuta mkanda wote mpaka mwisho bila kusimama. Nyingine itadhani mkanda umeisha, iurudishe ndani. Nyingine inaamini haina mkanda kabisa, na kwa sababu inaamini hivyo, inakuachia ubonyeze na flashi iwake siku nzima. Namba kwenye kidirisha haitoki sifuri, lakini nani anaangalia kidirisha kwenye ubatizo?

Mtauliza, huo mkanda usio na matundu unatoka wapi? Upo, na una kazi zake. Mkanda wa namba 120, ulioanza 1901 na kutumika sana studio, hauna matundu. Una karatasi mgongoni yenye namba. Mikrofilamu, ile ya kunakili nyaraka na magazeti ya zamani, nayo mara nyingi ni ya milimita 35 bila matundu, na mashine zake zimetengenezwa kwa hilo. Na sisi wa hospitali tunaijua filamu ya eksirei: haina tundu hata moja, kwa sababu hakuna meno ya kuivuta.

Hiyo eksirei ndiyo iliyonifumbua macho.

Mwaka juzi nilikuwa napekua bati la mama natafuta kadi yangu ya kliniki. Chini kabisa nikakuta ule mkanda wa 1998. Mama hakuutupa; alisema ulishikwa siku ile ile bibi aliyokuwepo. Nikauinua dirishani kama ninavyoinua picha ya kifua. Mweupe mwanzo mpaka mwisho. Nikapitisha kidole pembeni. Laini! Nikachukua mkanda mwingine wa harusi ya shangazi, nikaweka sambamba. Ule wa harusi una matundu huku na huku. Wetu hauna hata moja.

Nikampigia simu.

"Shikamoo mjomba. Ule mkanda wa ubatizo uliununua wapi?"

Akanyamaza. Halafu akasema, "Marahaba, mama. Bado tu mnauliza?"

Akaniambia alinunua kwa mchuuzi, kwa bei nafuu, kikopo kikiwa kimefungwa kwa gundi. Bila shaka mtu alikata mkanda wa kazi nyingine akaujaza kwenye kikopo cha zamani. Nikamweleza habari ya matundu na meno. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Mama yako umemwambia?"

Nilimwambia. Jumapili iliyofuata mama alipanda bodaboda kwenda kwake na kuku mkononi. Waliyoongea siyajui, sikuwepo. Ila Krismasi ile mjomba alikaa mkekani katikati yetu. Picha ya bibi na mdogo wangu hatuna, na hatutaipata.

Naandika haya kwa sababu naona vijana wengine sasa wanazifufua kamera za baba zao. Ni jambo zuri. Kabla hujaitumia siku kubwa, fanya haya:

1. Angalia ulimi wa mkanda unaochomoza kwenye kikopo. Uone matundu pande zote mbili. Kikopo kilichobandikwa gundi, kiache.

2. Ukishaufunga mkanda ndani, subiri mota inyamaze, kisha angalia kidirisha. Namba isiposoma ilivyoelekezwa, au ikiwa inawakawaka, simama. Piga picha moja ya majaribio uone kama namba imesogea.

3. Mkanda uliosafishwa usiutupe. Picha ya karatasi ikiliwa na mchwa, mkanda unaweza kuizaa tena.

Na nyie wa simu msicheke. Wodini kila siku naona mama anampiga mtoto picha thelathini, na mwezi unaofuata simu imeibiwa au imetumbukia kwenye ndoo. Toa walau picha moja kwenye karatasi. Mtoto na bibi yake pamoja, si mtoto peke yake.

Na kama kwenu kuna mjomba anayekaa pembeni kwa sababu ya kitu kilichoharibika zamani, kikague kwanza kitu chenyewe.

Sehemu ya 7 tutaongelea kandili. Niambieni hapa chini: nani bado ana bati la picha nyumbani, na chini kabisa mna nini?